Umashuhuri na Ushahidi: Je, Kila Kambi ya Maskauti Yastahili Makala katika Kamusi Elezo?

Katika kurasa za namna hii tumezoea kupima maneno na desturi: neno hili asili yake ni nini, desturi ile ina maana gani, na aliyetuarifu habari zake, je, aliona kwa macho yake au alisikia tu njiani? Leo twataka kupima jambo ambalo kwa sura ni dogo, walakini limewatia watu wenye elimu katika mabishano marefu. Jambo lenyewe ni hili: kambi ndogo ya maskauti, ile ya wilaya moja au ya mji mmoja, je, yastahili kuwa na makala yake peke yake katika kamusi elezo, au yatosha itajwe kwa mistari michache ndani ya makala nyingine?

Huenda msomaji akauliza, "Neno hili latuhusu nini sisi walimu na makasisi?" Latuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wetu tumewahi kuongoza vijana kambini, tumefunga skafu shingoni, tumesonga ugali juu ya mafiga matatu mvua ikinyesha, na twaujua upendo alio nao mtu kwa mahali alipolala chini ya turubai akiwa mtoto. Ya pili, wanafunzi wetu siku hizi wakitafuta habari hawaendi kabatini kuchukua kitabu. Hufungua simu, na neno la kwanza watakalolisoma aghalabu ni la Wikipedia. Na Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, huandikwa na watu wa kujitolea wasiopata mshahara. Anayeandika leo ni mwalimu wa mahali fulani. Kesho huenda akawa wewe. Basi yafaa tuijue sheria ya nyumba kabla hatujabisha hodi.

Mabishano yalivyoanza

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa zamani. Encyclopaedia Britannica ilipotolewa mara ya kwanza huko Edinburgh, kati ya mwaka 1768 na 1771, ilikuwa vitabu vitatu. Chapa yake ya mwisho ya karatasi, ya mwaka 2010, ilikuwa vitabu 32. Wahariri wa kazi ya namna hiyo hawakuhitaji sheria ndefu ya kuyazuia mambo madogo. Karatasi yenyewe iliyazuia. Kila ukurasa una gharama yake, na ukurasa aliopewa mmoja amenyimwa mwingine.

Wikipedia, iliyoanzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger, haina karatasi. Ile ya Kiingereza ilifikia makala milioni 6 mwezi wa Januari 2020. Kwa hiyo vijana wa Marekani, nchi ambayo chama chake cha maskauti kilianzishwa mwaka 1910 kikaeneza kambi katika majimbo yake, waliona mlango u wazi, wakaingia. Wakaandika habari za kambi zao: ukubwa wa shamba, mwaka liliponunuliwa, jina la ziwa, majina ya vibanda, majina ya viwanja vya kupigia hema, nyimbo za kuzunguka moto, na hadithi ya mzimu wa msituni ambayo wakubwa huwatishia wadogo usiku wa kwanza.

Wengine walipoziona makala hizo walisema kwamba hizo si habari za kamusi elezo, bali ni kumbukumbu za nyumbani. Ndipo mabishano yakaanza. Kwa desturi ya Wikipedia ya Kiingereza, makala ikishitakiwa huwekwa barazani kwa siku saba au zaidi. Mtu yeyote aweza kunena. Kisha mmoja hulifunga shauri, naye hapaswi kuhesabu vichwa tu, bali kupima uzito wa hoja. Mwenye kuyajua mabaraza ya wazee wetu hataona ugeni katika hilo, maana huko nako wingi wa sauti hauzidi ushahidi.

Sheria wanayoitumia, kwa ufupi, ni hii: jambo lastahili makala likiwa limeandikwa kwa kirefu na watu wa kuaminika wasio na sehemu katika jambo hilo. Tena iko sheria nyingine kwa matawi ya vyama vikubwa: tawi la mahali halipati makala kwa kuwa tu mama yake ni mashuhuri; yapasa habari zake ziwe zimevuka mipaka ya mahali pake. Gazeti la mtaa peke yake halitoshi. Yatakiwa angalau shahidi mmoja wa jimbo au wa nchi.

Kambi zisizo na shaka

Tuanze na zile ambazo mtu mwenye busara hatabishana juu yake. Tarehe 1 Agosti 1907, Robert Baden-Powell aliwakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, kwenye bandari ya Poole kusini mwa Uingereza. Wengine walikuwa wana wa mabwana, wengine wana wa watu wa kazi, naye akawachanganya katika vikosi vidogo ili aone kama mafundisho yake yatafaa. Kambi hiyo ilikaa siku chache tu, wala haikuacha jengo. Lakini mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha Scouting for Boys, na katika mwaka huo huo wa 1908 ikapigwa kambi ya Humshaugh, kaskazini mwa Uingereza. Kutoka hapo uskauti ukaenea duniani.

Mwaka 1919 W. de Bois Maclaren alitoa fedha za kununua shamba la Gilwell, kando ya msitu wa Epping karibu na London, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo likafanyika hapo darasa la kwanza la kuwafunza viongozi. Mwaka 1923 kikafunguliwa kituo cha Kandersteg katika milima ya Uswisi, nyumba ambayo hapo kwanza ilikuwa ya wajenzi wa handaki la reli. Mwaka 1938 tajiri wa mafuta Waite Phillips aliwapa maskauti wa Marekani ekari zaidi ya 35,000 katika jimbo la New Mexico, naye akaongeza tena mwaka 1941, ndiyo Philmont. Na katika kisiwa cha Treasure Island, katikati ya mto Delaware, kambi iliyokuwa ya maskauti wa mji wa Philadelphia, E. Urner Goodman na Carroll A. Edson walianzisha mwaka 1915 jumuiya ya Order of the Arrow, iliyoenea baadaye katika kambi za nchi nzima.

Tuangalie mfano huu wa mwisho kwa makini, kwa kuwa ndio utufaao zaidi. Kwa asili yake Treasure Island ilikuwa kambi ya mahali pamoja tu, sawa na nyingine nyingi. Haikustahili kwa ukubwa wa shamba, wala kwa uzuri wa mto, wala kwa wingi wa watoto. Ilistahili kwa sababu jambo lililotendeka hapo lilitoka nje ya ua wake, likawafikia watu ambao hawakukanyaga kisiwa hicho hata siku moja. Basi si kweli kwamba kambi ndogo haiwezi kustahili. Yaweza, lakini mzigo wa kuthibitisha ni wa mwenye kuileta.

Hoja za watetezi

Sasa tuzipime hoja za wale wasemao kwamba kila kambi ipewe makala. Ya kwanza ni kwamba karatasi haipo, basi kuna ubaya gani? Hoja hii ina nusu ya kweli. Karatasi haipungui, lakini walinzi hupungua. Kila makala ni shamba. Asiyelipalilia huota magugu. Makala ya kambi moja huandikwa na kijana mmoja majira ya likizo, kisha kijana hukua, huoa, husahau. Na mwingine huja usiku akaandika uongo juu ya mtu aliye hai, wala hakuna wa kuung'oa. Kamusi elezo isiyo na mlinzi ni mbaya kuliko isiyo na makala.

Ya pili ni kwamba watoto wengi sana wamepita katika kambi hizo kwa vizazi vingi. Jambo hili twalikubali kwa heshima. Lakini kisima cha kijiji nacho kimenywesha vizazi, wala hatusemi kwa sababu hiyo kwamba kila kisima kiandikiwe makala. Wingi wa walionufaika huonyesha kwamba kitu ni chema. Hauonyeshi kwamba habari zake zajulikana kwa namna ya kuweza kuhakikishwa.

Ya tatu ni kwamba kuna vijiji vyenye watu wachache kuliko kambi, navyo vina makala. Hii ndiyo hoja yao bora, nasi twakiri kwamba inatikisa. Jibu ni hili: kijiji kinachotambuliwa na sheria kina sensa, kina ramani, kina kiongozi aliyeandikwa katika vitabu vya serikali. Mashahidi wake wamekwisha kufika kabla mwandishi hajafika. Kambi haina hayo. Walakini twasema wazi kwamba makala nyingi za vijiji nazo ni mifupa mitupu, jina na hesabu ya watu basi. Na anayezishutumu makala za kambi kwa unyonge na azishutumu hizo pia.

Ya nne ni kwamba mtu fulani mkubwa alipata kulala kambini hapo. Hii si hoja. Mgeni mtukufu akilala nyumbani mwako usiku mmoja, nyumba yako haiwi ikulu. Na ya tano ni kwamba kambi ya jirani ina makala, mbona yetu haina? Hii nayo si hoja, kwa kuwa kosa la jirani si ruhusa. Huenda ile ya jirani ndiyo ipasayo kuondolewa.

Lakini wanaofuta nao wana makosa yao, wala tusiwanyamazie. Wako wanaoicheka kambi kwa kuwa ni jambo la watoto, kana kwamba mambo ya watoto hayana historia. Wako wanaohukumu kabla ya kutafuta, wakaona kwamba gazeti ambalo halimo katika intaneti halikuchapwa kamwe. Tena wako wanaofuta mahali palipowezekana kuunganisha. Kijana aliyeandika makala yake ya kwanza kwa wiki nzima, akaikuta imetoweka asubuhi bila neno la upole, hatarudi kuandika ya pili. Nasi tulio walimu twajua kwamba kusahihisha daftari si kulichana.

Jina la sheria na kosa lake

Hapa yatupasa kusema neno juu ya lugha, kwa kuwa naona nusu ya ugomvi huu yatokana na jina. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza wameiita sheria yao kwa neno lenye maana ya ukubwa na sifa. Mtu akitafuta kulifasiri kwa haraka atasema "umaarufu" au "umashuhuri". Maneno hayo mawili yote yametujia kwa Waarabu: maarufu ni kitu kinachojulikana, na mashuhuri ni kitu ambacho habari zake zimetangaa. Ni maneno mema, lakini hapa yanapoteza njia.

Maana mwambie mtu, "Kambi yako si mashuhuri," naye atasikia tusi. Atasimama kuitetea heshima ya kambi yake: atahesabu ekari, atahesabu miaka, atataja wakubwa waliolala pale. Kila asemalo ni kweli, na kila asemalo liko nje ya shauri. Wala mwenzake hatamjibu juu ya sheria. Atamjibu kwamba ekari hizo si nyingi. Hivyo wawili hao hubishana siku saba juu ya ukubwa, na sheria yenyewe haikuuliza ukubwa.

Sheria iliuliza nini? Iliuliza ushahidi. Nani asiye wa kambi hii ameandika habari zake kwa kirefu, na wapi? Basi kwa Kiswahili tusiiite sheria ya umashuhuri. Tuiite sheria ya ushahidi, au tuseme kwa wazi kwamba jambo fulani "lina mashahidi wa kutosha" au "halina". Neno hili halimtukani mtu. Kijana akiambiwa, "Kambi yako haijapata shahidi," haoni haya; huuliza tu, "Shahidi atapatikanaje?" Na swali hilo ndilo mlango wa elimu. Tena wazee wetu waliijua sheria hii kabla ya Wikipedia, waliposema kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kijitabu cha kambi, taarifa ya halmashauri yake, na ukurasa wake katika intaneti, hivyo vyote ni mikono ya mwamba ngoma.

Twaweza kuliona jambo hili katika maandishi yenyewe. Makala isiyo na shahidi hujulikana kwa lugha yake. Husema kwamba kambi "ni ya kupendeza", kwamba "yajivunia" ukumbi wake, kwamba "imewalea viongozi wengi". Nani aliyependezwa? Viongozi gani? Makala yenye shahidi husema mwaka, husema aliyetoa ardhi, husema jambo lililotendeka na nani aliyelisimulia. Mwalimu akitaka kumjaribu mwanafunzi, na amwambie ayafute maneno yote ya sifa, kisha atazame kilichobaki. Kama kimebaki kitu, makala ipo. Kama hakikubaki kitu, haikuwapo tangu mwanzo.

Neno zito

Hata hapa huenda msomaji akaona kwamba twachezea mambo madogo. Sivyo. Mwezi wa Februari 2020 chama cha Boy Scouts of America, ambacho tangu mwaka 2025 chaitwa Scouting America, kiliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Sababu yake ilikuwa mashitaka ya watu waliotendewa uchafu wakiwa watoto mikononi mwa waliopewa kazi ya kuwalea. Waliotoa madai walikuwa zaidi ya 82,000. Mpango wa kuwalipa, wenye fedha kiasi cha dola bilioni 2.4, ulianza kutumika mwezi wa Aprili 2023, na halmashauri za mahali zilitakiwa kutoa sehemu yao. Baadhi yao ziliuza kambi ili zipate fedha hizo.

Hatusemi kwamba kila kambi ilikuwa na uovu, wala si haki kumtia doa mtu asiyeshitakiwa. Twasema neno moja tu. Mambo hayo hayakujulikana kwa vijitabu vya kambi. Yalijulikana kwa walioumizwa waliothubutu kunena, kwa mahakama, na kwa waandishi wa magazeti ambao hawakuwa na sehemu katika chama. Makala iliyotungwa kwa maneno ya kambi yenyewe haiwezi kumwambia mzazi neno la namna hiyo, kwa kuwa maneno hayo hayakuandikwa ili kumwambia. Akipenda, chongo huita kengeza. Basi sheria ya shahidi wa nje si kiburi cha wasomi. Ni ulinzi wa wanyonge. Sisi tuliopewa watoto wa watu, makanisani na shuleni, twapaswa kuwa wa kwanza kuipenda.

Lakini tukio hilo hilo lina upande wa pili. Kambi iliyouzwa hukatwa viwanja, ukumbi huvunjwa, ubao wenye majina hutupwa. Katika muda wa miaka michache hakuna atakayejua kwamba watoto walipata kuogelea katika ziwa lile. Hapo mtetezi wa kambi asema kwa uchungu, "Msipoandika sasa, mtaandika lini?" Nasi hatuwezi kumjibu kwa sheria peke yake. Mali bila daftari huisha bila habari.

Upungufu wa sheria katika nchi zetu

Tena sheria hii, hata ikiitwa kwa jina lake la haki, ina upungufu ambao sisi wa Afrika ya Mashariki twauona kuliko wengine. Inadhani kwamba mashahidi wapo kila mahali kwa kipimo kimoja. Huko Marekani kila mji mdogo ulikuwa na gazeti lake, na mengi ya magazeti hayo yamekwisha kutiwa katika intaneti. Kambi ya huko ikikosa shahidi, yamkini ni kwa kuwa hakuna jambo kubwa lililotendeka. Kambi ya huku ikikosa shahidi, yamkini ni kwa kuwa hakuwapo mwenye kalamu. Asiyekuwapo na lake halipo. Lakini kutokuwapo barazani si kutokuwapo duniani.

Chukueni Nyeri. Baden-Powell alihamia huko katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, iliyojengwa mwaka 1938 katika viwanja vya hoteli ya Outspan, akafa tarehe 8 Januari 1941, akazikwa papo hapo Nyeri. Na majivu ya mkewe Olave, aliyefariki mwaka 1977, yakaletwa kuwekwa pamoja naye. Juu ya jiwe lake ipo alama ya mviringo wenye nukta katikati, ambayo kwa desturi ya maskauti maana yake ni kwamba mwenye njia hii amekwenda nyumbani. Mahali hapo hapana shaka. Vitabu vya nchi nyingi vinapataja. Lakini pana mashahidi wengi kwa sababu gani? Kwa sababu aliyelala hapo alikuwa mtu ambaye dunia nzima ilimwandika. Sasa itazameni kambi ya Rowallan jijini Nairobi, palipo na makao makuu ya maskauti wa Kenya, kambi yenye jina la Lord Rowallan aliyekuwa Skauti Mkuu kuanzia mwaka 1945 hata 1959. Je, yastahili? Tusijibu kwa mapenzi ya nchi, wala tusijibu kwa dharau. Na tutafute kwanza: magazeti ya Kenya yameandika nini juu yake kwa kirefu, na vitabu vya historia ya elimu vyasemaje? Jibu litatoka huko, halitatoka katika mioyo yetu.

Mimi mwenyewe niliwahi kujaribu kuandika habari za kambi moja ndogo nilikoongoza wavulana nikiwa mwalimu kijana. Niliandika kurasa tatu usiku mmoja, na moyo wangu ulifurahi. Asubuhi nikajiuliza swali la shahidi. Nikaona kwamba kila neno nililoandika lilitoka katika daftari langu mwenyewe na katika kumbukumbu zangu. Daftari la kambi lilikuwa limeliwa na mchwa. Sikuzituma kurasa zile. Sikuacha kwa kuwa kambi ile ilikuwa ndogo machoni pangu. Kati ya mahali pote nilipofundisha, ndipo nilipopapenda kuliko pengine. Niliacha kwa kuwa mimi nilikuwa mwamba ngoma, na hakukuwa na mwingine wa kushika ngozi upande wa pili.

Shauri letu

Basi tufanyeje? Mtu asidhani kwamba hakuna njia ila kuandika makala nzima au kufuta kabisa. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walitengeneza makala za uskauti kwa kila jimbo la Marekani, na ndani yake wakaorodhesha halmashauri na kambi za jimbo hilo. Kambi iliyokosa mashahidi wa kusimama peke yake huunganishwa humo: jina lake labaki, mwaka wake wabaki, na mwenye kulitafuta hulipata. Shahidi akitokea baadaye, kambi hutolewa tena ikapewa makala yake. Hukumu hii twaiona kuwa njema, na kwa Kiswahili ingefaa kuanza kwa njia hiyo: makala moja imara ya uskauti Kenya, moja ya Tanzania, moja ya Uganda, kabla ya kufikiri kambi moja moja.

Lakini hata hilo halitoshi, kwa kuwa kambi zetu nyingi hazina wa kuzitaja hata kwa mstari mmoja. Hapo ndipo kazi ya wasomaji wa kurasa hizi inapoanza. Kila parokia ina daftari la ubatizo. Hakuna anayelichapa ndani ya historia ya Kanisa, wala hakuna anayethubutu kulitupa. Na mwenye kuandika historia ya Kanisa huja kulisoma. Daftari si kamusi elezo, lakini bila daftari kamusi elezo haina pa kuchota. Vivyo hivyo kambi isiyo na shahidi haihitaji makala kwanza; yahitaji daftari, kisha yahitaji mwanahistoria.

Kwa hiyo twawasihi ndugu walimu mambo matatu. Andikeni tarehe, majina ya mahali, na mambo yaliyotendeka kambini, mema na mabaya pia, na kulihifadhi daftari mahali pasipo mchwa. Waulizeni wazee waliokuwa maskauti zamani, mkaandike maneno yao pamoja na jina la msemaji na siku aliyosema. Kisha asiye wa kambi hiyo, mwenye moyo wa kupima, na azisome habari hizo, azilinganishe na magazeti na nyaraka za serikali, azitoe katika gazeti la elimu kama hili, ambako wasomaji wataweza kumsahihisha. Siku hiyo kambi itakuwa imepata shahidi, na hakuna baraza litakaloweza kusema haikuwapo.

Haya ndiyo maoni yetu. Kambi ndogo isipewe makala kwa kupendwa, wala isinyimwe kwa udogo. Mwenye kuona vingine na atuandikie, na mwenye daftari la zamani asilifiche.